Kwa Nini Niliuza Guta Langu

Watu wengi wa vigango vyetu wameniuliza: "Karani, guta lako limekwenda wapi?" Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa kicheko, na wachache kwa uchungu. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Basi leo nimeona heri niwajibu wote pamoja, kwa maana najua swali hili limo katika nyumba nyingi siku hizi: mtu mwenye uwezo wa chombo kimoja tu, je, anunue cha kubeba mizigo, au cha kubeba watoto?

Mimi ni karani wa parokia, umri wangu miaka 36. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha kidogo, ndipo Paroko akaniita ofisini. Nyumba yangu iko upande wa Kisarawe, karibu na mpaka wa Kibaha. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kupokea zaka, na kupeleka barua vigangoni. Njia zetu mnazijua. Ukiiacha barabara kuu ya Morogoro pale Kiluvya au Mlandizi, ukaingia vijijini, kiangazi unapigana na mchanga, na masika unapigana na tope. Katika mabonde ya upande wa mto Ruvu udongo ni mweusi, nao ukilowa hushika gurudumu kama gundi.

Mwaka 2016 nilikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua guta la injini. Kwa wale wasiolijua, ni chombo cha magurudumu matatu: mbele ni pikipiki, nyuma ni bodi ya chuma. Dereva hukaa peke yake mbele, juani na mvuani. Halina mlango, halina paa, halina adabu. Lakini kwa kazi halina mpinzani. Lilibeba mihogo, mkaa, nazi, matofali, mabati na mapipa ya maji. Lita moja ya petroli ilinipeleka kilometa 20 na mzigo wangu. Kila mwezi, nikiisha kutoa mafuta na matengenezo, lilinibakizia kama shilingi 120,000. Kwa karani wa parokia hizo si fedha za kudharau.

Tena halikuwa langu peke yangu. Kigango kimoja kilipojenga kanisa, saruji yote ilipita katika guta lile. Nakumbuka jinsi nilivyoilinda saruji ile: maturubai mawili juu yake na kamba nne kuzunguka, isipate hata tone la mvua. Akifa mtu, jeneza lilibebwa na guta. Mama akishikwa na uchungu usiku, simu iliyolia ilikuwa yangu. Mimi nilifurahi, na nakiri kwamba nilijivuna kidogo.

Sasa nisikilizeni niwaambie lililotokea.

Jumapili moja ya mwezi Aprili mwaka 2021, baada ya Misa ya kwanza, tulifunga safari kwenda kumwona mama mkwe wangu, anayekaa ng'ambo ya Mzenga. Alikuwa mgonjwa. Mama watoto alikaa nyuma katika bodi amempakata mtoto mchanga, na wale wakubwa wawili walikaa juu ya gunia la mchele. Nikawatupia turubai moja juu ya vichwa. Sheria hairuhusu kubeba watu katika chombo cha mizigo, nami nilijua. Lakini nilijiambia kama wengi wanavyojiambia: "Ni mara hii tu, na njia hii haina askari."

Mvua ilitukuta njiani. Tulipofika kwenye mlima mmoja mfupi, guta likapanda mpaka katikati, injini ikalia, magurudumu yakazunguka bure, kisha tukaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gurudumu moja la nyuma likaingia katika mfereji, na guta likalala ubavu. Nilisikia sauti ya mwanangu wa pili kabla sijamwona. Alikuwa na miaka saba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya ukingo wa bodi.

Mama watoto na yule mchanga walitupwa kwenye majani, hawakuumia. Tulisimama mvuani karibu saa nzima, mpaka likapita lori la matofali. Dereva wake, Mungu ambariki, akaacha safari yake, akatufikisha hospitali ya Tumbi pale Kibaha. Waganga wakaunyoosha mkono, wakaufunga plasta, na baada ya wiki kadhaa ukapona vizuri.

Usiku ule mama watoto hakunigombeza. Kama angenigombeza ningejitetea, kwa maana maneno ya kujitetea nilikuwa nayo tele. Alikaa kimya mpaka watoto wakalala, kisha akasema neno moja tu: "Baba watoto, ile saruji uliifunika vizuri kuliko sisi."

Ndugu zangu, sikulala.

Kulipokucha nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba familia yangu haitapanda tena nyuma ya guta. Tutauza, tununue gari lenye paa, viti na mikanda, tena lenye nguvu ya kupita njia zetu. Lakini kukata shauri ni jambo moja, na kulitimiza ni jambo jingine. Habari ikatoka. Jioni moja akaja katekista wetu, mzee wa heshima, akakaa kibarazani.

"Shikamoo, Baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unauza guta."

"Ndiyo, Baba. Kwa sababu ya watoto."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Watoto wako ni wa kwanza, hilo halina ubishi. Lakini guta hili, ingawa kadi ina jina lako, mgongo wake ulikuwa wetu sote. Ukiuza, usituache usiku mmoja tukaamka hatuna kitu."

Wakati ule alikuwapo mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyenipa shilingi 3,500,000, taslimu, siku hiyo hiyo. Vijana wa kigango nao waliunda kikundi, lakini walikuwa na shilingi milioni moja tu mkononi. Nyingine waliahidi kulipa kidogo kidogo. Mimi na mama watoto tukahesabu siku mbili. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuliketi na daftari na kibatari. Mwisho tukawapa vijana kwa shilingi 2,700,000, nao wakaniahidi mambo mawili: watabeba mizigo ya kijiji kwa bei ya haki, na hawatabeba mtu yeyote katika bodi. Mimi nami nikaahidi kwamba mgonjwa au mama mjamzito akihitaji kufikishwa hospitali, gari langu litamchukua. Mizigo kwa guta, watu kwa gari. Walisema watamaliza deni katika miezi 12. Walimaliza katika miezi 17. Sikuwashtaki, ila nilikumbusha mara nyingi.

Basi nikaanza kutafuta gari. Nilitembea Kibaha, nikatembea Dar es Salaam, nikajifunza mengi. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mimi si wa kwanza kupita njia hii, bali dunia nzima imeipita. Wazee wetu wanaikumbuka Land Rover, gari la misheni na la bwana shamba. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima. Chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, basi bodi yake wakaitengeneza kwa aluminiamu. Viti vyake havikuwa vya raha. Mwaka 1970 wenye kiwanda kile kile wakaleta Range Rover, yenye nguvu za shamba na viti vya familia. Mwaka huo huo Wajapani wa Suzuki wakaanza kuuza Jimny, gari dogo la kupanda milima, lenye injini isiyozidi ya pikipiki kubwa. Ndipo mwaka 1988 Suzuki hao wakaleta Escudo, ambayo nchi nyingine huitwa Vitara, na mwaka 1990 wakaiongezea milango ikawa mitano. Nia ilikuwa moja: mtu aweze kupita njia mbaya bila kuwatesa watu wa nyumbani mwake.

Hiyo Escudo ya milango mitano ndiyo niliyoipata, mwezi Januari mwaka 2022, kwa shilingi 8,600,000. Fedha zilitoka hivi: milioni moja ya kwanza ya vijana; milioni tatu tulizoziweka za kupaua chumba cha tatu cha nyumba yetu; milioni tatu za mkopo wa kikundi; na shilingi 1,600,000 za korosho na mihogo. Chumba kile hakijapauliwa hata leo. Nasema wazi, mtu asidhani karani ana mashine ya kuchapa noti.

Kabla ya kulipa nilimchukua fundi mmoja wa Maili Moja. Nawashauri nanyi mfanye hivyo, hata kama mwenye gari ni rafiki yenu. Fundi yule hakutazama rangi. Alilala chini akagonga chesisi na nyundo ndogo kutafuta kutu. Alilinganisha namba ya injini na namba ya chesisi na zile za kadi. Aliangalia maji ya rejeta kama yana mafuta ndani yake. Akaliwasha likiwa baridi, akatazama moshi. Mwisho akaingiza ile gia ya pili, kijiti kifupi kilicho karibu na gia ya kawaida, ili aone kama matairi ya mbele yanavuta kweli. Mengi yanayosemwa kuwa ya kuvuta kwa matairi manne yamebaki na kijiti tu, kazi hakuna. Kisha tukaenda kubadili jina la mwenye gari kwa TRA, maana gari lisilo na jina lako si lako, hata ukilioga kila asubuhi.

Kijiti kile ni jambo la kulijua. Kwenye lami na njia kavu, gari husukumwa na matairi mawili ya nyuma tu. Kwenye mchanga au tope unaingiza yote manne. Kwenye mlima mkali au shimo baya unaingiza manne pamoja na gia ya nguvu. Hapo gari hutembea polepole kama kobe, lakini linapanda. Ukisahau ukatembea na manne kwenye lami kavu unaharibu, kwa sababu unapokata kona matairi ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa, na vyuma vya katikati hukazana mpaka vikavunjika.

Lakini gari lenyewe, wasomaji wapendwa, lilikuwa kichekesho! Aliyeniuzia alikuwa kijana wa mjini mpenda mbio. Rangi nyekundu, ubavuni michoro ya moto, matairi mapana, taa nne juu ya paa, na spika kubwa nyuma. Nilipolifikisha parokiani Jumapili, wanakwaya walisahau wimbo. Paroko alilizunguka mara mbili, akasema: "Karani, gari hili lina haraka kuliko ofisi yako." Vijana wakalibatiza jina: Simba.

Mama watoto hakucheka. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa kitini na mtoto magotini, akafunga mlango, akakaa hivyo kwa muda, mvua ikinyesha nje. Kisha akasema: "Kumbe mvua ina sauti nzuri ukiwa ndani."

Sasa yanipasa niungame kosa la pili. Yupo mzee mmoja, dereva mstaafu, aliyependa kunisimulia mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Siku hizi hufanyika Naivasha nchini Kenya, na tangu mwaka 2021 yamerudi katika mashindano ya dunia. Mzee alimsifu sana Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Mimi nilisikia habari za mbio tu, mengine yalinipita. Nikaanza kupenda kusikia mchanga ukiruka nyuma yangu. Nikipita penye watoto wa shule nilikanyaga mafuta kidogo zaidi.

Jumamosi moja ya mwezi Machi mwaka ule ule, nilikuwa natoka kigangoni na mwanangu wa pili, yule aliyevunjika mkono. Kijito kilikuwa kimejaa. Upande wa pili walisimama vijana, wakaanza kupiga makofi: "Simba! Simba!" Desturi ya mtu mwenye akili ni kushuka, kuvua viatu, na kuyapima maji kwa miguu yake kwanza. Mimi sikushuka. Niliingia kwa mbio. Tukafika katikati, tairi la mbele likadumbukia shimoni, maji yakapanda mpaka mlangoni, gari likainama upande wa kushoto, injini ikazimika.

Mtoto akaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Hakulia. Akaniuliza: "Baba, tunapinduka tena?"

Neno lile lilinichoma. Ndipo nilipojua kwamba nilibadili chombo, sikubadili dereva.

Hatukupinduka. Vijana walimbeba mtoto mgongoni mpaka ng'ambo. Wakapiga simu, na baada ya nusu saa likaja guta, lile lile langu la zamani, limebeba kamba, majembe na matawi ya miti. Watu tisa walifukua na kusukuma. Hakuna aliyecheka mpaka gari lilipotoka. Baada ya hapo walicheka mpaka jioni, nami nikacheka nao. Nilitaka kuwalipa, wakakataa. Mmoja akasema: "Karani, wewe ulituuzia kwa bei ya kindugu. Leo tumekurudishia salio."

Niliporudi nilikwenda kwa yule mzee dereva, nikamwomba anisimulie tena habari za Joginder Singh, na safari hii nikasikiliza vizuri. Gari aliloshindia mwaka 1965 lilikuwa Volvo iliyokwisha kutumika, si mpya. Lakini yeye alikuwa fundi, mwana wa fundi. Aliijua kila skrubu ya gari lake, alijua wapi pa kukimbia na wapi pa kutembea. Mzee akaniambia: "Wewe ulishika mbio, ukaacha ufundi."

Wiki ile niliuza taa za paani na spika. Fedha zake nikanunulia mikanda mipya ya viti vya nyuma, maana ya zamani ilikuwa imelika. Michoro ya moto bado ipo. Watoto waliniomba isifutwe, nikakubali, kwa sharti kwamba moto ubaki ubavuni usiingie kwenye mguu wangu.

Sasa nirudi kwenye swali. Je, nilifanya vema? Kwa hesabu ya fedha nimepata hasara. Guta lilileta shilingi 120,000 kwa mwezi. Gari halileti kitu, nalo hula lita moja kwa kilometa tisa. Bima, mafuta ya injini, shokapu na matairi vyote vinangoja zamu. Ndiyo sababu haliendi dukani wala kuzurura. Linakwenda Misa, hospitali, shuleni mvua ikizidi, na kwa bibi yao. Safari nyingine tunatembea kwa miguu kama zamani. Na tangu tulipolinunua limekwisha kufikisha hospitalini akina mama wanne. Mmoja alijifungua mtoto wa kiume, wakataka kumwita Simba. Paroko akawaomba watafute jina la mtakatifu.

Kwa hiyo, ninyi akina baba mnaofikiri kama nilivyofikiri, ushauri wangu ni huu. Kwanza, kitazameni chombo chenu, mjiulize kinabeba nini kila siku, na je, kilitengenezwa kwa ajili ya hicho? Ikiwa ni mihogo, kaa na guta lako, usilionee haya. Lakini usimpakie mkeo juu ya magunia, hata kwa mwendo wa nusu saa, hata kama njia haina askari. Pili, ukibadili, hesabu kwanza, pamoja na mkeo, kwa daftari. Tatu, kama jirani walikitegemea chombo chako, usiondoke nacho kimya kimya. Na nne, kabla hujaingia majini, shuka upime kwa miguu yako.

Juzi tulikwenda tena kwa mama mkwe, ng'ambo ya Mzenga, mvua ikinyesha. Tulipofika kwenye ule mlima mfupi nilisimamisha gari, nikaingiza gia ya nguvu, tukapanda polepole. Nyuma kulikuwa kimya. Nilipotazama katika kioo, niliona wote watatu wamelala, vichwa vimeegemeana, na mikanda imefungwa.